Aonje Yeye Kwanza

Tipley, Iowa
9 Machi 1918

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Sisi huku hatujambo. Trudi ametimiza miaka sita na ameng'oka meno mawili ya mbele, akicheka anafanana na marehemu babu. Baba yake, Konrad, yupo, kila asubuhi anapeleka maziwa kiwanda cha siagi ingawa theluji bado imetufunika. Ng'ombe wetu mwekundu ameharibu mimba, tumesikitika, lakini ndiyo mifugo. Mjomba Anselm anaendeleaje na kwaya yake? Bado anawagombeza wale wa sauti ya pili?

Utashangaa nakuandikia kwa Kiingereza, si kwa Kijerumani chetu. Nakuomba nawe unijibu hivyohivyo, na nyuma ya bahasha usiandike jina lako lote, herufi za mwanzo zinatosha. Usiniulize sababu.

Sasa nililotaka kukuambia. Mwezi wa tano vijana kumi na wanne wa hapa wanaondoka kwenda jeshini. Akina mama wa chama chetu cha kufuma soksi wamepanga karamu ya kuwaaga pale shuleni, kila nyumba ije na chungu chake. Nimeandikiwa saladi ya viazi, kama miaka yote. Nataka kukuuliza, je, inaweza kupikwa kwa namna nyingine? Bi Colby, mwenzetu wa chama, yeye hutia krimu na mayai, siki hatii kabisa. Nimeona nibadilishe tu, watu wasichoke na kitu kilekile.

Nijibu mapema, tafadhali.

Mwanao,
Lisbeth


Cincinnati
24 Machi 1918

Lisbeth mwanangu,

Nimepata barua yako na nimefurahi kwa ajili ya meno ya Trudi. Mwambie yajayo yatakuwa makubwa, ajiandae kula. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisema nikipanda ngazi. Mjomba wako ana kikohozi kidogo, siku hizi hatoki sana.

Nakujibu kwa Kiingereza kama ulivyotaka. Kiingereza changu ni kama kiatu cha kuazima, nachechemea, usinicheke.

Habari ya viazi. Wewe umeipika saladi hii tangu una miaka minane, umesimama juu ya kigoda jikoni kwangu, na leo unaniuliza kana kwamba ni dawa ya hospitali. Haya, nakuandikia. Chemsha viazi na maganda yake. Vimenye vikiwa bado vya moto hata kama vidole vinalia. Kata vyembamba. Mwagia mchuzi wa nyama ulio moto, siki, haradali na kitunguu, palepale, maana kiazi kikishapoa hakinywi tena. Kiache saa nzima. Mafuta na nyama ya moshi ni mwisho. Halafu onja. Kama jicho moja halijafumba lenyewe, siki haijatosha.

Krimu weka kwenye kahawa.

Na sasa niambie. Tangu lini mtu wa nyumba hii akaona haya kwa siki? Kuna kitu unakizunguka, nakujua. Ulipovunja bakuli langu la bluu ulinijia vilevile, ukaniuliza kama napenda zaidi mabakuli ya rangi nyingine.

Shangazi yako,
W.


Tipley
17 Aprili 1918

Shangazi mpendwa,

Hatujambo. Trudi anakusalimu. Konrad amenyoa nywele zote kichwani, anasema ni kwa ajili ya joto. Bega linamuuma, alianguka kwenye gari la maziwa. Kwa sasa hapeleki maziwa, napeleka mimi.

Umeniuliza, basi nitakuambia kiasi. Watu wamebadilika tangu nchi iingie vitani na Ujerumani. Mchungaji wetu anahubiri kwa Kiingereza sasa, na wazee wanakaa kanisani wanatazama viatu vyao. Mtu amepaka rangi ya njano kwenye mlango wetu, ile wanayowapaka wasaliti, Konrad ameukwangua. Halafu kumezuka maneno kwamba mahali fulani, hakuna anayejua wapi, mtu wa kwetu, Mjerumani, ametia chupa iliyosagwa kwenye unga wa mkate wa wanajeshi. Dukani nimewasikia wanaulizana kama chupa ikisagwa laini mtu anaweza kuihisi mdomoni. Nilipoingia wakanyamaza, mmoja akaniuliza hali ya ng'ombe.

Juzi amekuja Bi Adelaide Pruitt, mwenyekiti wa chama chetu. Mumewe ndiye mwenye duka la mbao, na mwanawe Wendell ni mmoja wa wale kumi na wanne. Nilidhani ameleta uzi. Akakaa ukingoni mwa kiti, glavu hakuvua.

"Bi Hagedorn," akasema, "saladi yako tutaila kama miaka yote. Ila utaipikia jikoni kwa shule. Viazi tutatoa sisi, na siki na kila kitu."

"Na mimi nije na nini?"

"Wewe njoo mikono mitupu. Nami nitakuwepo."

"Kunisaidia?"

"Kukaa na wewe," akasema, akaona haya. Si mtu mbaya, shangazi. Trudi alipozaliwa alikuja na supu siku tatu mfululizo. Akasema tena, kwa sauti ya chini, "Ni kwa faida yako. Usipoleta kitu watasema hutaki kuwalisha vijana. Ukileta kutoka nyumbani watasema lile jingine."

Nikamwambia sawa. Alipotoka nilikuta nimeshika kisu cha viazi muda wote, na kiganja kina alama.

Nifanye nini? Nikienda naogopa. Nisipoenda naogopa zaidi. Karamu ni tarehe 25 Mei.

Mwanao,
Lisbeth


Cincinnati
19 Mei 1918

Lisbeth,

Barua yako ya mwezi uliopita imenifikia leo. Imefunguliwa na kugundishwa tena vibaya, gundi imekula mstari wa mwisho. Anayesoma hii kabla yako namsalimu, na namwambia humu hamna kitu ila viazi.

Usiende. Sema unaumwa, sema Trudi ana surua, jifunge kitambaa kichwani ulale. Kinachoweza kutokea mezani pale hukijui. Watu wakishaamua kuona kitu kwenye sahani, watakiona.

Na Konrad amenyoa kwa joto lipi mwezi wa nne, na wewe uliniandikia Machi mmefunikwa na theluji? Sikuulizi. Nakuonyesha tu kwamba nimesoma.

Mimi mzima.

W.


Tipley
2 Juni 1918

Shangazi,

Barua yako imefika jana. Nilishakwenda.

Nimekaa wiki nzima nikitafuta namna ya kukuandikia. Trudi hajambo, nami sijambo.

Siku mbili kabla ya karamu gavana alitoa amri: ni Kiingereza tu, barabarani, shuleni, kanisani, hata kwenye simu. Asubuhi ile nilimwambia Trudi kwamba leo akitaka kitu anivute gauni, asiseme. Konrad hakuja.

Jikoni kwa shule Bi Pruitt alinipokea na magunia mawili ya viazi. Nilichemsha, nikamenya, nikakata, naye amesimama upande wa dirisha. Kila nilipochovya kijiko aliangalia kijiko. Mara moja niliingiza mkono mfukoni kutoa kitambaa, nikaona ameacha kupumua. Nikakitoa polepole, nikakikunjua mbele yake, nikafuta jasho. Nilipoonja, jicho likafumba lenyewe kama unavyosema, nikataka kucheka, nikaogopa atauliza nacheka nini.

Mezani waliniweka katikati ya kuku wa kukaanga na maharage ya Bi Colby. Watu walipanga mstari. Nilisimama nyuma ya bakuli langu na kijiko. Shangazi, watu walipita. Walichukua kuku, wakaruka kwangu, wakachukua maharage. Wengine walisema, "Asante, labda baadaye." Wengine hawakusema. Mke wa fundi viatu, ambaye mwaka jana alirudi mara tatu, alimhamishia mtoto wake upande wa pili ili sahani isipite juu ya bakuli.

Mwishoni akaja Clyde Maddock, mmoja wa wale kumi na wanne. Kijana mkubwa, mchekeshaji, mlafi. Akasema, "Bi Hagedorn, nimeisubiri hii tangu mwaka jana, nijazie." Nikamjazia. Akakaa, akala kijiko cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tatu nikasikia mlio.

Watu walisikia. Kitu kigumu kilivunjika mdomoni mwake, na ukumbi ukanyamaza kama mtu ameziba masikio yangu. Clyde akaacha kutafuna. Akashika shavu. Akaingiza vidole, akatoa kipande cheupe chenye ncha, kina damu, akakiweka ukingoni mwa sahani.

Mtu akasema, "Chupa."

Hakupiga kelele. Alisema tu, na wanaume watatu wakasimama. Mmoja akaenda kusimama mlangoni. Nilimtazama Bi Pruitt. Alikuwa amesimama karibu nami, mkono ungemfikia. Aliona kila kiazi. Neno lake moja lingetosha. Alitazama meza, akawa ananyoosha kitambaa cha meza na kiganja, ananyoosha mahali palipokwisha nyooka.

Hapo Trudi akasema, "Mama, nataka kwenda nyumbani." Kwa lugha yetu. Nilimfinya mkono chini ya meza, nikamfinya kweli, mpaka akanyamaza. Hadi leo pana alama.

Sikujua la kufanya. Nikachukua kijiko kile kikubwa, nikaanza kula. Nilikula kutoka kwenye bakuli lenyewe, nimesimama, watu wote wananitazama, natafuna kwa sauti ili wasikie hakuna kitu. Sikusikia ladha. Na halafu, shangazi, hili ndilo lililonizuia kukuandikia, nilijaza kijiko nikamwekea Trudi mdomoni. Nilimlisha mwanangu mbele yao kama mtu anayelipa ushuru wa daraja. Alikula huku analia bila sauti.

Daktari mzee wa hapa alikuwepo, alichelewa kuinuka kwa sababu ya mguu. Akaja, akaokota kile kipande, akakipeleka dirishani. Akakigeuza. Akamwambia Clyde afungue mdomo.

"Ni jino lako," akasema. "Hili gego nilikuambia tangu Krismasi limeoza."

Clyde akasema, "Basi Kaiza wa Ujerumani amelipata moja kabla sijafika vitani." Alitaka watu wacheke. Wachache walicheka. Yule wa mlangoni akarudi kukaa. Muziki ukaanza. Hakuna aliyeniambia neno, na hakuna mwingine aliyekula viazi.

Nilirudi na bakuli limejaa, nikawapa nguruwe.

Tangu siku ile mtu akigonga, navuta komeo kabla sijajua ni nani.

Lisbeth


Cincinnati
30 Juni 1918

Mwanangu Lisbeth,

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye ngazi, sikuweza kufika juu. Mpe Trudi busu mahali pale ulipomfinya. Na usijihukumu. Mtu anayezama hushika kilicho karibu, hata kama ni mwanawe.

Umenieleza yako, na mimi nimekuficha yangu tangu Machi.

Mjomba wako hana kikohozi. Alichukuliwa tarehe 11 Machi. Alikuwa kwa kinyozi, mtu akasema meli imezamishwa, naye akasema, "Maskini watu wote waliomo baharini." Watu wote, hivyo tu, nao wakasikia kwamba na Wajerumani wamo. Kinyozi anamnyoa miaka kumi na tisa. Walikuja wawili mchana, waungwana tu, wakamngoja avae koti. Nilipokuandikia kwamba hatoki sana, alikuwa ameshafikishwa kambini huko Georgia, nyuma ya waya. Anasema kwenye barua kwamba ana kitanda na kwamba chakula si kibaya. Kila barua maneno yaleyale, kwa hiyo siamini hata moja.

Unajua hakuwahi kumaliza karatasi zake za uraia. Kila mwaka alisema mwaka ujao, baada ya tamasha. Na kwa kuwa mume si raia, na mke si raia. Mwezi huu wametuita wanawake tujiandikishe kama wageni wa nchi adui. Nilipanga mstari kituo cha polisi, mimi na mke wa mwoka mikate na mabibi wengine wenye vikapu. Wakanipiga picha bila kofia. Wakachukua vidole vyangu kimoja kimoja, wakavibonyeza kwenye wino kama wanabandika stempu. Kijana aliyenishika mkono alisema, "Legeza, mama, usikaze." Nilikuwa nimekaza kwa sababu wangeona unatetemeka.

Sasa nina kadi. Siwezi kuhama wala kusafiri bila ruhusa. Chumba cha Anselm nimepangisha, kisha mpangaji akajua, akahama. Nikisikia viatu vizito kwenye ngazi nazima jiko ili wasione moshi. Mtu mzima wa miaka sitini na mitatu.

Sikutaka ujue, kwa sababu mtu akikuuliza una ndugu gani Cincinnati, uweze kusema hujui habari zake. Unaweza kusema hivyo hata sasa. Nitaelewa.

Lakini kwanza niambie Konrad walimfanya nini.

Walburga


Cincinnati
18 Agosti 1918

Lisbeth,

Wiki saba. Najiambia posta imechelewa. Kama ni posta, basi hii pia itachelewa na nimeandika bure. Kama si posta, sikulaumu, una mtoto wa kulinda. Nataka tu kujua kwamba mko hai. Tuma karatasi tupu, nitaelewa.

W.


Tipley
15 Septemba 1918

Shangazi yangu,

Nisamehe. Tuko hai sote. Barua yako ya Juni niliificha kwenye pipa la unga, nikawa naisoma wakati Konrad yuko zizini, na kila nikianza kujibu nasikia viatu vya mtu anayefungua bahasha. Leo naandika, na afungue.

Konrad hakuanguka. Tarehe 6 Aprili, kiwandani, mbele ya watu wanaosubiri siagi, wanaume sita walimpigisha magoti na kumwambia abusu bendera. Akaibusu. Wakasema hakubusu kwa moyo. Wakammwagia rangi ya njano kichwani. Ilikauka, haikutoka hata kwa mafuta ya taa, ndiyo maana akanyoa. Bega ni teke. Tangu siku hiyo hakuvuka lango letu, na usiku alilala na viatu. Aliniambia nikikuandikia hayo ataondoka. Nilipomsomea hatimaye barua yako ya mjomba na kinyozi, aliutazama mshumaa mpaka ukaisha, kisha akasema, "Mwambie."

Sasa nikupe habari ya Bi Pruitt.

Alikuja Agosti, katikati ya mchana. Safari hii alivua glavu. Wendell yuko Ufaransa, hawajapata barua yake tangu Julai, na mama amekonda shingo. Akasema kuna karamu ya mavuno, kila nyumba na chungu chake, na kwamba angependa nilete saladi.

"Upikie nyumbani kwako," akasema. "Hakuna atakayekusimamia."

Nikamwambia, "Siku ile uliona kila kitu."

"Niliona."

"Neno moja tu, Bi Pruitt."

Alikaa akitazama mikono yake. "Lilikuwa mdomoni," akasema. "Niliogopa. Nilifikiri nikisema tu, watasema mimi ni wenu."

Nilitaka kumfukuza. Nilijua pia akiinuka pale akaenda kusema nimemtukana, tumekwisha. Lakini nilikuwa nimetoka kusoma habari ya vidole vyako. Nikamwambia, "Nitaleta. Kwa sharti moja. Sahani ya kwanza uchukue wewe. Mbele ya wote, kabla hata ya kuku. Kama huwezi, basi mwaka huu watu wale maharage."

Alivaa glavu akaenda. Wiki mbili nililala nikisikiliza lango.

Tarehe 7 nilipika nyumbani. Konrad alimenya viazi. Aliungua vidole akaendelea kumenya, kisha akaoga, akavaa shati la kanisani, akasimama mlangoni akisubiri kama mtu anayekwenda kunyongwa. Tulikwenda wote watatu. Tulipoingia watu waliacha kuongea. Nywele zake zimeota fupi, na mmoja wa wale sita alikuwa pale anakata mkate.

Niliweka bakuli. Mstari ukapangwa. Bi Pruitt alikuwa mbali, karibu na kahawa, nikasema moyoni haji. Kisha akaja. Alipita mbele ya mstari mzima na sahani tupu. Nilimwekea kijiko kimoja, akasema, "Jaza." Sahani ilikuwa inagonga pete yake, kila mtu alisikia. Akala pale pale amesimama. Akasema kwa sauti, lakini hakuweza kuinua macho, "Mwezi wa tano nilisimama na mwanamke huyu tangu kiazi cha kwanza. Nilipaswa kusema siku ile." Akala tena.

Usifikiri watu walinikumbatia. Walikula kumi na mmoja, niliwahesabu. Daktari, mke wa fundi viatu, Bi Colby, mama yake Clyde na wengine. Waliobaki walipita kama mwezi wa tano. Yule mkata mkate alipita, akasimama mbele ya Konrad, nikadhani sasa ndiyo tumefika. Alifungua mdomo, akaufunga, akaenda zake. Konrad alinishika kiuno, mkono wake ulikuwa wa baridi kama ndoo. Lakini tulikaa mpaka mwisho, mpaka meza zikafutwa.

Bado naogopa, shangazi. Jana mbwa alibweka nikamwaga maziwa. Sitakudanganya kwamba imekwisha.

Ila jana hiyohiyo nimekwenda mwenyewe kwa sherifu. Nimemwambia nina mtu Cincinnati mwenye kadi ya polisi, anahitaji ruhusa ya kusafiri aje kukaa kwangu, nami niko tayari kumdhamini kwa jina langu. Aliniangalia sana. Akaniuliza kama najua ninachofanya, kama najua watu watasema nini. Nikasema najua. Akavuta karatasi, akachovya kalamu, akaniuliza huyo mwanamke ni nani yangu.

Nikamwambia, "Mama yangu."

Akasema, "Hapa jina la ukoo si lile la wazazi wako."

Nikamwambia wewe ndiye uliyenilea, aandike hivyohivyo. Ameandika, nami nimetia sahihi, jina langu lote. Ruhusa itakufikia kabla ya theluji. Jiandae, na njoo kwa treni ya mchana, nitakuwa nimesimama mahali ambapo kila mtu ataniona.

Mwanao,
Lisbeth Hagedorn